Wiki Sita Kabla ya Vuli: Kutoka na Familia Nairobi

Wingu zito linalotanda juu ya Nairobi tangu Juni huanza kupasuka mwishoni mwa Agosti. Kwanza jua huchungulia saa sita, baadaye saa nne, na ikifika wiki ya tatu ya Septemba watoto wanatoka nyumbani asubuhi wakiacha sweta kitini. Mijakaranda, ambayo ilipukutisha majani wakati wa baridi na ukavu, hujaa maua ya zambarau kabla majani mapya hayajatoka vizuri. Kisha, kuanzia katikati ya Oktoba au mwisho wake, mvua ya vuli inafungua. Wakulima wa Kikuyu huiita mvua ya mwere, kwa kuwa zamani ndiyo iliyokuza mwere, ile nafaka ndogo. Baina ya sweta na mwavuli kuna wiki kama sita, na kwa familia inayoishi mjini hakuna wiki nzuri kuliko hizo mwaka mzima.

Wengi huziacha zipite wakingoja Desemba. Lakini Desemba nauli ya ushago imepanda, karo ya Januari inapiga hodi, na nusu ya jamaa mliotaka kutoka nao wameshasafiri. Septemba na Oktoba wote wapo. Shosho, yaani nyanya, akija mjini kliniki, yuko. Binamu wa Umoja na wa Rongai wako umbali wa matatu mbili. Kinachotakiwa ni kuchagua siku na kutoka mapema.

Mapema kweli. Vuli ya Nairobi mara nyingi hunyesha alasiri au usiku: asubuhi anga safi, saa saba mawingu yanajikusanya, saa tisa au saa kumi yanamwaga. Na hata kabla mvua haijaanza, mchana wenyewe ni mkali. Mji uko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo wiki ya mwisho ya Septemba jua husimama utosini kabisa. Simama uwanjani karibu na saa sita u nusu uone kivuli chako kimejikunja chini ya viatu. Mtoto wa darasa la nne akionyeshwa hilo hatalisahau. Tena tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na upepo wetu wa baridi huidanganya ngozi. Watoto huungua mashavu na shingo bila kuhisi joto. Kofia yenye ukingo inafaa kuliko ile ya kapelo, ambayo huacha masikio nje.

Kwa hiyo mpango unaofaulu ni huu: langoni saa mbili asubuhi, chakula saa tano, steji kabla ya saa nane. Ukichelewa hadi mvua ianguke, nauli ya matatu inaweza kuruka mara mbili mbele ya macho yako, na kwa familia ya watu sita hiyo ni pesa ya matembezi mengine. Beba nauli ya kurudi kando, usiiguse.

Tuanze na jakaranda, kwa sababu ni bure. Njia nzuri kwa miguu ni State House Road, kutoka upande wa Chuo Kikuu cha Nairobi kupita mabweni hadi Arboretum, ile bustani ya miti. Ni mwendo ambao mtoto wa miaka mitano anaumudu, na Jumapili asubuhi magari ni machache. Maua yakishaanguka hutengeneza zulia, na hapo kuna mambo mawili ya kuangalia. Zulia hilo likilowa huteleza kama maganda ya ndizi, hasa kwenye ukingo wa lami. Mshike mkono mzee. Pia nyuki huendelea kuingia kwenye maua yaliyolala chini, hivyo mtoto asitembee pekupeku wala asiokote maua bila kuyatikisa. Kuhusu picha: piga upande wa chuo na ndani ya Arboretum, simu iwe mfukoni mnapokaribia ua wa Ikulu.

Jakaranda ni mgeni, asili yake Amerika Kusini. Mwenyeji wa kumwonyesha mtoto ni Nandi flame, ule mti wenye maua mekundu kama moto. Vichipukizi vya maua yake vimejikunja kama ndizi ndogo za kahawia, na kila kimoja kimejaa maji. Ukikibana ncha, maji huruka kama bomba la sindano. Hakuna mtoto aliyewahi kuonyeshwa jambo hilo akaomba simu tena. Waambie tu wasilengane machoni wala kwenye nguo nyeupe, kwani maji hayo huacha doa la manjano lisilotoka kwa sabuni ya kawaida.

Arboretum yenyewe ilianzishwa 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ambayo ingekua haraka na kulisha reli kuni na mbao. Ndiyo maana unakuta mamia ya aina za miti kwenye eneo la hekta 30 hivi, mingine ikiwa na vibao vya majina. Ukiwa na shosho mwenye magoti mabovu, hapa ndipo mahali pake: njia ni pana, miteremko ni michache, vivuli ni vingi. Utawakuta watu wakisali kwa sauti chini ya miti, kila mmoja na mti wake. Tandikeni leso mbali nao kidogo, kwa heshima.

Karura ni kazi zaidi, na faida yake ni kubwa zaidi. Msitu una takriban hekta 1,041, na haungekuwepo leo kama Wangari Maathai na wenzake wasingekubali kupigwa kwa ajili yake Januari 1999, wakati ardhi yake ilikuwa ikigawiwa wajenzi. Waambie watoto hivyo mkiwa ndani, chini ya mihugu na mikinduri, si nyumbani. Lango la Kiambu Road linafikika kwa matatu za nambari 100. Lango la Limuru Road linafaa wanaotoka Westlands, Parklands au Ruaka. Kiingilio hulipwa kwa simu, kwa hiyo hakikisha una salio na chaji kabla hujafika kwenye foleni ya Jumamosi.

Maporomoko ya maji na mapango ya Mau Mau ndiyo yanayovuta wengi. Ukiwa na watoto wa miaka sita au saba, tenga saa tatu kwenda, kukaa na kurudi. Makutano ya njia yana nambari. Piga picha ya ramani iliyoko langoni na uwaachie watoto wakubwa kazi ya kutafuta nambari inayofuata. Kosa la kawaida ni kuwaacha wakimbie mwanzoni, kwa kuwa njia ya kuelekea mtoni inateremka. Kurudi ni kupanda, wakati huo jua limekaza na chupa za maji ni tupu. Wagawie maji mkiwa chini, kabla hamjaanza kupanda, na mtembee polepole.

Maji yenyewe ndiyo yanayokwamisha watu langoni. Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika misitu, mbuga na fuo zote zinazolindwa nchini. Chupa ya maji ya dukani hairuhusiwi, sahani za plastiki za karamu haziruhusiwi, na mifuko ya plastiki tulishaagana nayo Agosti 2017. Beba chupa ngumu za chuma au zile za shule, lita moja kwa mtu mzima na nusu lita kwa mtoto. Sahani ziwe za melamini kutoka jikoni, ambazo utaziosha ukirudi.

Halafu kuna wenye msitu. Kima na tumbili, wa Karura, Arboretum na City Park, wanajua sauti ya mfuko ukifunguliwa. Hawavutiwi na harufu tu, wanaangalia mikono. Chakula kikae ndani ya mkoba wenye zipu, na mkoba ukae mapajani mwa mtu mzima. Kitoe mara moja, mle, kifungwe. Mtoto asiyekamata ndizi vizuri atanyang'anywa, na akivutana anaweza kukwaruzwa, jambo linalowapeleka moja kwa moja hospitali kwa sindano za kichaa cha mbwa. Wala msiwalishe: kima aliyelishwa leo ndiye atakayemrukia mtoto wa mwingine kesho.

Mvua za kwanza zikishaanguka, siafu nao hutoka. Kabla ya kutandika, simama mahali hapo dakika nzima ukiangalia chini. Msafara wa siafu huonekana kama kamba nyeusi inayotetemeka, na ukiuona hama hatua 20. Wakishapanda mguuni, kupangusa hakusaidii kwa sababu taya zao zimeshika. Ondoka pale kwanza, kisha wabanduliwe mmoja mmoja. Suruali ikiingizwa ndani ya soksi huwazuia wao pamoja na kupe.

Sasa chakula, ambacho huamua kama siku itaisha kwa vicheko au kwa manung'uniko. Kwa watu sita, kilo moja ya unga wa ngano hutoa chapati 12 kubwa. Tia vijiko viwili vya chai vya chumvi na maji ya vuguvugu kama mililita 600, ukiyaongeza kidogo kidogo, na uache donge lipumzike nusu saa. Zipike usiku. Zikitoka kwenye kikaangio zisifungiwe moto ndani ya hotipoti: mvuke hugeuka maji, chapati za chini zinalowa na kushikana, na asubuhi unabandua uji. Zipange juu ya kitambaa cha pamba, ziachie mvuke dakika mbili tatu, halafu zifunike kwa kitambaa hicho hicho na kuziweka kwenye hotipoti. Zitakuwa laini hadi saa tano ya kesho yake.

Mayai yachemshwe dakika kumi, yapozwe kwa maji baridi na yabaki na maganda yake hadi wakati wa kula. Viazi vitamu na nduma havina makuu. Kachumbari ndiyo huwashinda wengi. Kata vitunguu na nyanya nyumbani, uvibebe mbalimbali, na chumvi uitie mkishaketi, maana chumvi huvuta maji na kufikia saa tano utakuwa na supu. Pilau naishauri tu kwa wenye hotipoti nzuri iliyojazwa hadi juu ikiwa moto. Wali uliopoa ukakaa vuguvugu kwa saa mbili tatu kwenye jua unaharibika kabla haujanuka, na tumbo la mtoto ndilo litakalotangaza. Chai ya maziwa nayo huchacha kwenye thamosi mchana. Ni afadhali strungi, chai isiyo na maziwa, na thamosi ioshwe kwanza kwa maji yanayochemka na kufunikwa dakika tano ili iwe na moto wake.

Mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba huja Shoo. Jina rasmi ni maonyesho ya kimataifa ya biashara ya Nairobi, lakini kwa makanga na kwa shosho ni Shoo, pale Jamhuri Park, na ukipanda matatu za Ngong Road kama 111 ukasema hivyo utashushwa panapofaa. Wenye kuiandaa, Agricultural Society of Kenya, wana historia inayorudi nyuma hadi 1901. Kwa mtoto wa Nairobi aliyezoea maziwa ya pakiti, hapa ndipo anaposimama mita mbili kutoka kwa ng'ombe wa Friesian mwenye kiwele kikubwa kuliko mkoba wake wa shule, kisha akamwona Sahiwal mwekundu na Boran mwenye nundu, na kuanza kuuliza maswali.

Siku za kazi, mabasi ya shule hujaza uwanja kuanzia saa nne. Jumamosi wazazi wote wa mji wako huko. Mwenye watoto wadogo wasioanza shule aende Jumanne asubuhi, na aepuke siku Rais anapokuja kufungua rasmi, kwani ukaguzi langoni huwa mrefu. Anzeni na mifugo, kwa sababu asubuhi mabanda ni safi na wanyama wanaogeshwa na kuchanwa manyoya kwa ajili ya mashindano. Mashamba ya mfano yafuate. Bembea na vigari vya watoto viwe mwisho. Ukianza navyo, hutaona kingine.

Watoto hupotea Shoo kila mwaka. Nambari ya simu iliyoandikwa mkononi kwa biro hufutika kwa jasho kabla ya saa sita. Iandike kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa shati, na umwonyeshe mtoto ilipo. Mkubaliane pia mahali pa kukutana, na pasiwe uwanja mkuu, kwa sababu umati wake husukuma. Kibanda cha polisi au mlango wa banda fulani la kaunti unafaa. Muda huo mtandao wa simu unaweza kulemewa, usitegemee kupiga.

Miche inunuliwe mkiwa njiani kutoka. Ukitaka mche wa avokado wa Hass, tazama shina: lazima uone kovu pale kikonyo cha Hass kilipounganishwa na shina la avokado la kienyeji, na kovu hilo liwe limeshikana vizuri. Mche usio na kovu umetoka kwenye mbegu, utakungojesha miaka mingi na huna hakika utazaa nini. Mizizi inayozunguka chini ya mfuko kama kamba ni dalili kwamba mche umekaa humo mno. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande mapema, kisha mvua ifungue nawe uko tayari. Siku ya Mazingira, 10 Oktoba, ile iliyokuwa Moi Day, halafu Huduma, halafu Utamaduni, na tangu 2024 ikapewa jina hili, wengi hupanda miti na kuiacha. Tarehe hiyo ardhi ya Nairobi mara nyingi bado ni kavu. Mche uliopandwa siku hiyo unahitaji debe la maji kila siku mbili hadi vuli ishike, na hiyo ni kazi nzuri ya kumpa mtoto mmoja kwa jina.

Siku kumi baadaye ni Mashujaa. Sherehe ya kitaifa huhamahama kaunti, na katikati ya mji panakuwa patulivu kwa namna isiyo ya kawaida. Tumieni utulivu huo. Anzieni kwenye bustani ya kumbukumbu pembeni mwa Moi Avenue na Haile Selassie, penye majina ya waliouawa kwa bomu la 7 Agosti 1998. Pandeni Moi Avenue hadi sanamu ya Tom Mboya, iliyosimamishwa 2011 karibu na alipopigwa risasi 5 Julai 1969, akiwa amezungukwa na ndege heroe. Kateni kwa Mama Ngina Street mkutane na Dedan Kimathi, wa 2007, na nywele zake za msituni. Kisha mtoke Kenyatta Avenue. Hapo pana sanamu tatu za shaba za 1928, ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa vita vya kwanza vya dunia, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Mtoto asome yale ya Kiswahili kwa sauti. Hao wapagazi, Carrier Corps, ndio walioliachia soko na mtaa wa Kariokor jina lake.

Endeleeni hadi Uhuru Park, kona inayoitwa Freedom Corner, ambapo akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula 1992. Mnara wa Mau Mau uliozinduliwa Septemba 2015 uko hapo. Simameni karibu mtazame mikono na nyuso: mwanamke anampitishia mpiganaji chakula, na kila mmoja ameangalia upande wake. Hawatazamani ili yeyote atakayekamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Safari nzima haizidi kilomita tatu. Ikiwa siku hiyo kuna fununu za maandamano, iahirisheni. Njia hizo ndizo hufungwa kwanza.

Diwali huangukia mwezi mpya, ama Oktoba ama Novemba, na Parklands na Ngara huwaka taa. Nenda jioni, tembea polepole, nunua jalebi ingali moto. Ukikaribishwa hekaluni, viatu vinabaki nje na nyama haiingii, hata ile iliyo ndani ya mkoba. Fataki zikianza, mtoto mchanga na mbwa wawe nyumbani.

Ngong Hills ipandwe kabla vuli haijashika. Familia yenye watoto itosheke na vilima viwili vya kwanza kutoka upande wa mitambo ya upepo, kisha irudi. Kwenda hadi Kona Baridi kupitia Lamwia, penye mita 2,460, ni mwendo wa siku kwa wenye miguu mizoefu. Beba jaketi la kuzuia upepo hata kama Ngong mjini kuna joto. Wingu jeusi likionekana upande wowote, shukeni. Juu ya mgongo ule wa nyasi nyinyi ndio mti mrefu kuliko yote, na radi haichagui.

Na ile jioni ya joto baada ya mvua kubwa ya kwanza, matembezi yanakuja mlangoni. Kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu. Zima taa zote za nyumba, acha moja ya nje, na chini yake weka beseni pana lenye maji ya kina cha vidole viwili. Ukisahau taa ya sebuleni wataingia huko wote. Wanazunguka taa, wanaanguka majini, mbawa zinabanduka. Wakipatikana kikombe kimoja au viwili, wachuje, uwatie kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo na ukoroge bila kuacha. Mafuta hayahitajiki, wanayo yao wenyewe. Baada ya dakika chache wanaanza kunukia kama njugu; watoe, wapepete kwenye ungo mbawa zipeperuke, tia chumvi kidogo. Waluhya huwaita chiswa, Wajaluo ngwen, na kwa wote wawili ugali ndio mwenzake. Aliye na mzio wa kamba wa baharini asionje, na wala msiwale waliookotwa palipopuliziwa dawa ya wadudu. Mbawa zilizobaki barazani zifagiliwe asubuhi zikishakauka, kwani usiku zimelowa na hung'ang'ania ufagio.